Tindikali za misitu ya Tanga: nani mshindi?

Kwa uchachu wa udongo, kati ya misitu ya mvua ya mkoa wa Tanga mmoja wa mabingwa ni Amani, Usambara Mashariki. Kwenye mwinuko wa kama mita 900 kipimo cha pH huwa karibu na 4, na kwa kuwa kila namba moja ya pH ni mara kumi, udongo huo una uchachu mara elfu moja kuliko maji safi yenye pH 7. Sababu ni mbili. Mvua nyingi huosha chokaa na potashi na kuvipeleka chini kabisa, huku majani yanayooza yakiongeza tindikali zake juu. Wajerumani waliona miti mikubwa ya huko wakaamini ardhi ina rutuba isiyokwisha, wakapanda kahawa miaka ya 1890. Ikawashinda. Rutuba ilikuwa kwenye miti yenyewe na kwenye tabaka jembamba la majani chini yake. Ukifyeka, umeondoka nayo. Chai, inayopenda udongo mchachu, ndiyo iliyostawi baadaye. Kituo cha utafiti kilianzishwa Amani mwaka 1902, na hapo ndipo mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alipofanyia kazi ramani ya udongo ya Afrika Mashariki iliyotoka 1936.

Tukiacha udongo tukaitazama tindikali yenyewe, oksaliki ndiyo kali kuliko tindikali zote za molekuli ndogo zinazotoka kwenye mizizi na ukungu. Watu wa Pangani wanaijua bila kuitaja. Mkonge, ambao mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, una fuwele za oksaliki iliyofungwa na kalsiamu, zilizochongoka kama sindano, na aliyewahi kufanya kazi kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, anajua jinsi maji ya mkonge yanavyowasha. Kwenye miombo, ukungu unaoishi na mizizi ya miti hutumia oksaliki kumomonyolea madini, mti ukapata fosforasi.

Lakini maajabu ya oksaliki yako kwenye mvule. Mti huu hutengeneza tindikali hiyo kwa wingi na kuifunga pamoja na kalsiamu. Majani na matawi yakianguka, mchwa huyasaga na bakteria huila oksaliki, na kinachobaki ni chokaa. Chini ya mivule iliyochunguzwa Ivory Coast, pH ya udongo uliokuwa mchachu imepanda kupita 8. Mti umezalisha tindikali, ardhi imepoteza uchachu! Chokaa hiyo hujijenga hata ndani ya gogo, na seremala huijua pale msumeno unapogonga jiwe katikati ya mbao. Kwangu mimi hakuna rekodi inayoizidi hii.

Miongoni mwa zinazoishi muda mfupi sana ni sitriki, ile ya limau, na maliki: wadudu wasioonekana huzimaliza ndani ya saa chache tu. Katika saa hizo sitriki hukamata alumini, sumu kubwa ya mizizi kwenye udongo kama wa Amani, na kwa kazi hiyo inaishinda maliki. Kinyume chake ni humiki, mabaki meusi ya majani yanayoweza kudumu ardhini miaka mamia. Hizo ndizo zinazoutia weusi mto Rio Negro wa Amerika Kusini, mkubwa kuliko mito yote ya maji meusi duniani.

Sasa mikoko ya mdomo wa mto Pangani. Magome yake yamejaa tanini, ndiyo maana watu wa pwani waliyatumia kutia rangi nyavu na kutengeneza ngozi za wanyama, na tope lake jeusi linanuka kama yai bovu. Ungetarajia uchachu wa kutisha. Kumbe maji ya bahari hulituliza, na pH yake hukaa karibu na 7. Hatari inakuja likikaushwa. Hewa ikiingia, salfa iliyofungwa na chuma humo huwa tindikali ya salfuriki na pH huweza kushuka chini ya 4. Hiyo haitoki kwenye majani wala mizizi, kwa hiyo haimo kwenye mashindano haya, ila kwa uharibifu ndiyo ya kwanza. Unayefikiria kukata mikoko ili uchimbe mabwawa ya chumvi au ya kamba, peleka kwanza tope likapimwe salfa.