Kuvu Iliyokula Mahema Sasa Yatumikia Viwanda

Kila askari ajua ya kwamba hema likikunjwa lingali na maji, siku chache hupita nalo likatoa uvundo na kufanya madoa. Hiyo ni kazi ya kuvu. Wazee wetu wa K.A.R. waliopita Bonde la Kabaw, nchini Burma, katika mvua za mwaka 1944 waliujua vema unyevu wa namna hiyo.

Wakati wa vita hivyo vya pili vya dunia, jeshi la Marekani katika visiwa vya Pasifiki lilipata hasara kubwa. Mahema, mikanda na mavazi ya pamba yalioza upesi mno. Wataalamu wa idara yake ya ugavi wakakusanya kuvu kutoka katika vitu vilivyooza. Moja, iliyotoka katika turubai la hema kisiwani Bougainville, ikaandikwa QM6a.

Elwyn Reese na Mary Mandels, katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts, waliichunguza kwa miaka mingi. Waligundua kwamba kuvu hii haitafuni nguo. Hutoa vimeng'enya vinavyokata selulosi, yaani uzi wa mimea yote, hata ikawa sukari. Basi wakajiuliza: kinachoharibu hema, je, hakiwezi kugeuza majani makavu na karatasi kuukuu kuwa mali? Mwaka 1977 kuvu hiyo ilipewa jina Trichoderma reesei, kwa heshima ya Bwana Reese.

Lakini kuvu ya porini hutoa vimeng'enya vya kujitosheleza tu. Ilibidi iboreshwe, na kazi hiyo yafanana na kuteua askari wa kikosi maalumu. Mbegu zake hupigwa mionzi. Nyingi hufa, chache hubadilika tabia. Zilizosalia hupandwa juu ya selulosi, na ile inayoyeyusha duara pana kuliko wenzake huchaguliwa, kisha hutiwa tena katika jaribio. Hivyo ndivyo ilivyopatikana QM9414, ikiizidi QM6a kwa mbali.

Baadaye Chuo Kikuu cha Rutgers, jimboni New Jersey, kilitoa RUT-C30 kwa hatua tatu za mionzi na kemikali. Kuvu ya asili ikionja sukari tele huacha kazi, kama kibarua aliyekwisha shiba. RUT-C30 imepoteza sehemu ya chembe ya urithi inayotoa amri hiyo, nayo huendelea kuzalisha.

Mwaka 2008 urithi wote wa QM6a ulichapishwa, na leo wataalamu hukata na kuunga chembe hizo kwa makusudi. Aina bora za viwandani hutoa zaidi ya gramu 100 za protini kwa lita moja. Vimeng'enya vyake hulainisha nguo za jinzi, huboresha chakula cha mifugo, na hugeuza mabua kuwa alkoholi ya kuendeshea magari, ijapokuwa gharama yake bado ni kikwazo kikubwa.

Adui aliyechunguzwa kwa subira amekuwa mtumishi. Hata hivyo, ndugu askari, mtumishi huyo hajasahau asili yake: anika hema lako kabla ya kulikunja.