UZI: "Dawa ziko" ama "dawa hakuna"? Mtoto wa Madogo akilazwa

1/ Mabishano ya afya ni yale yale. Huyu: "Dawa tumeleta." Yule: "Hospitali ni kuta tu." Na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Twende pole pole.

2/ Wodi ya watoto ina mwongozo wa Wizara ya Afya. Nimonia kali: sindano za penisilini na gentamisini. Malaria kali: sindano ya artesuneti. Kuhara kwa kawaida: ORS na zinki, bila antibiotiki. Na dozi hupimwa kwa kilo za mtoto.

3/ Sasa penisilini imeisha stoo, imebaki seftriaksoni. Daktari ataandika iliyopo, maana mtoto hawezi kungoja. Shida ni kwamba tangu 2017 WHO imegawa antibiotiki mafungu matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Seftriaksoni iko fungu la pili. Ikizoeleka kwa kila homa, bakteria huizoea pia, na siku inayohitajika kweli haifanyi kazi.

4/ Ama stoo haina kitu. Mzazi anapewa karatasi: "Nenda kemisti." Hapo mtoto anatibiwa kulingana na mfuko, si ugonjwa. Asiyeweza ananunua nusu dozi.

5/ Nani aulizwe? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: hospitali za kaunti ni kazi ya kaunti. Sera na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Kaunti huagiza dawa KEMSA. Mgao ukichelewa kutoka Nairobi, ama kaunti isipolipa deni, ama KEMSA yenyewe ikikosa bidhaa, wodi inaumia vile vile. Kwa hivyo usikubali jibu la "si sisi" kabla hujaambiwa mnyororo umekatika wapi.

6/ Madogo ina lake. Kura ni ya Tana River, makao makuu Hola. Lakini mtoto akizidiwa, karibu ni kuvuka daraja hadi Garissa, hospitali ya kaunti nyingine, ambayo bajeti yake humpigii kura. Na mafuriko yakikata barabara kama Aprili 2024, hata huko hufiki kwa gari.

7/ Mheshimiwa akija na picha ya lori la dawa, muulize:
– Penisilini, gentamisini, ORS na zinki zimekosekana siku ngapi mwaka huu?
– Kaunti inadaiwa pesa ngapi na KEMSA?
– Kaunti hizi mbili zimekubaliana nini kuhusu watoto wa Madogo wanaolazwa ng'ambo?

8/ Haya si matusi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, cha 53 kinampa mtoto haki ya matibabu. Lori hupigwa picha siku moja, wodi inataka dawa kila siku. Tuma kwa grupu la wadi yenu kabla ya kikao cha bajeti.