Namba tasa, kigawo na kigawe: mfano wa 2,147,483,647

Katika matumizi ya kila siku, tasa ni kiumbe asiyezaa. Hisabati imeliazima neno hilo kuitaja namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Sitiari hiyo imezoeleka shuleni na haina haja ya kubadilishwa, ingawa kwa hakika imekaa kichwa chini miguu juu: namba tasa ndizo zinazozaa nyingine kwa kuzidishwa, zenyewe ndizo zisizo na wazazi.

Mfano mashuhuri ni 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, kisha ikatolewa 1. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliitaja miongoni mwa namba tasa, lakini ithibati yake ilitoka kwa Leonhard Euler na kuchapishwa mwaka 1772. Euler hakujaribu kila kigawo. Ilitosha kutazama namba zisizozidi kipeuo cha pili cha namba hiyo, ambacho ni pungufu kidogo ya 46,341. Isitoshe, kigawo tasa chochote, kama kingekuwapo, kingebakisha 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Hivyo migawanyo iliyohitajika haikuzidi 372, na hakuna hata mmoja uliotoka bila baki.

Hapa mfasiri hana budi kujihadhari. Kigawo ni namba inayogawanya. Kigawe ni ile inayogawanyika. 7 ni kigawo cha 63, na 63 ni kigawe cha 7. Irabu moja ikikosewa, hoja yote ya Euler hugeuka upuuzi, kwani namba tasa ina vigawo viwili tu, ilhali vigawe vyake havina mwisho.

Namba hiyohiyo ndiyo kubwa kabisa inayoweza kuhifadhiwa katika biti 32, biti hizo zinapobeba namba chanya na hasi pia. Saa za kompyuta zinazohesabu sekunde kwa namna hiyo tangu mwanzo wa mwaka 1970 zitafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki.

Husomwa: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Mkato ndio unaobeba maana. Kipande cha tatu kikisimama peke yake huweza kueleweka kuwa 483,000 au 400,083. Katika hati ya malipo, tofauti hiyo ni shilingi 82,917. Ndiyo maana ni salama zaidi kuandika "mia nne themanini na tatu elfu", au "laki nne na themanini na tatu elfu".