Televisheni ya Intaneti na Bando Lako

Siku hizi kipo kisanduku kidogo kinacholeta televisheni kwa intaneti, bila antena wala dishi. Kichomeke kwenye tundu la televisheni lililoandikwa HDMI, kisha kiunge na intaneti ya simu. Fungua YouTube. Andika jina la kituo, au jambo unalotaka kujifunza, kama vile ufugaji wa kuku.

Lakini bando, jamani! Picha ya kawaida yaweza kula karibu GB 1 kwa saa. Ukiwa na GB 1 tu, mpira wa dakika 90 utakatika kabla ya filimbi ya mwisho. Basi nenda kwenye ubora wa picha, uchague 360, usichague 1080. Wakati wa kulala zima intaneti ya simu. Ukizima televisheni peke yake, kisanduku huweza kuendelea kula.