Kwa nini redio inakwaruza jioni, na jinsi ya kuisafisha

Wasikilizaji wetu wa Mtawanya na vijiji vya delta mnatuuliza sana: mchana redio iko safi, jioni inakwaruza, tatizo ni nini? Swali hili si dogo. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalifunika mashamba na nyumba, na mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa humsaidia yule tu anayeisikia.

Tuanze na antena. FM hutumia masafa ya megahezi 87.5 hadi 108. Ukitaka kujua urefu wa wimbi kwa mita, gawa 300 kwa megahezi: kituo cha 100 kina wimbi la mita 3. Antena nzuri ni nusu ya hapo, mita moja na nusu iliyokatwa katikati, yaani sentimita 75 huku na 75 kule. Simu yenye redio ya FM hutumia waya wa eafoni kama antena. Ndiyo maana zile za Bluetooth hazisaidii, na ukiukunja waya mfukoni sauti hufifia. (Redio hiyo haili bando, tukumbushane.)

Lakini kulinasa wimbi ni nusu ya kazi. Lazima lifike redioni bila kurudi lilikotoka. Chukua kamba nene ya jahazi, iunge na kamba nyembamba ya kuvulia, kisha itikise. Mtikisiko ukifika kwenye fundo, sehemu inapita na sehemu inarudi. Mawimbi ya umeme nayo hurudi hivyo kila yanapokutana na badiliko la ukinzani, ambao mafundi huuita impedansi na kuupima kwa omu. Antena yetu ya nyaya mbili ina omu karibu 73, na waya wa antena ya televisheni una 75. Hapo ni kama hakuna fundo. Ile antena iliyokunjwa mfano wa fremu ndefu ina omu 300. Ukiiunga moja kwa moja na waya wa 75, katika kila 100 ya nguvu, 36 hurudi. Ndiyo maana huwekewa transfoma ndogo ya kulinganisha.

Kwenye mnara wa matangazo jambo hili ni hatari zaidi. Waya ukikatika, nguvu yote hurudi kwenye mtambo na inaweza kuuchoma, hivyo mitambo mingi hujipunguza au kujizima yenyewe.

Sasa mkwaruzo. Jioni ndipo taa zinapowashwa. Taa za LED za bei rahisi, kontrola za sola na chaja hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mikato hiyo hutoa mawimbi yanayoingilia redio. Zima kimoja kimoja. Mkwaruzo ukikoma, umempata mchawi.

Dawa yake ni chujio. Kifumbu hupitisha tui na kubakiza machicha. Chujio la umeme hutenganisha mitetemo ya haraka na ya polepole. Koili huzuia ya haraka, kapasita huzuia ya polepole. Kile kibonge cheusi kwenye waya wa chaja ya kompyuta kina feraiti ndani, na feraiti huufanya waya uwe kama koili. Ukipata kinachofunguka, zungushia waya wa taa au wa kontrola mara tatu au nne, karibu kabisa na kifaa kinachosumbua. Umeme wa sola hautetemi, kwa hiyo utapita, mkwaruzo utapungua.

Kwa antena, kata nyaya mbili za shaba za sentimita 75 na uzifunge kwenye mwanzi, ncha zikikaribiana bila kugusana. Moja iunge na waya wa kati wa kebo ya televisheni, nyingine na wavu unaouzunguka. Upande wa pili wa kebo, waya wa kati uguse antena ya redio. Isiposhika ikiwa imelala, isimamishe wima. Iwe mbali na nyaya za TANESCO, na ukiona dalili ya radi, ichomoe.