Hakuugua kwa Muda Mfupi

Wasifu wa mama niliuandika mimi, usiku wa kuamkia mazishi, kwenye karatasi niliyoichana katikati ya daftari la mjukuu wake. Haukunichukua hata dakika kumi. Kwetu wasifu wa marehemu ni kama fomu: alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa, alifunga ndoa, ameacha mume, watoto sita na wajukuu kumi na mmoja. Nilipofika penye ugonjwa nikaandika kama nilivyozoea kusikia kwenye misiba ya Magole: aliugua kwa muda mfupi.

Mchungaji akausoma hivyo hivyo. Hakuna aliyeguna. Hata watani wa ukoo, waliokuwa wamelala njiani kuzuia jeneza lisipite mpaka walipwe, walinyamaza. Hiyo ilikuwa Septemba 2020. Leo nataka kuurekebisha mstari ule, maana ni wa uongo na mkono ulioandika ni wangu.

Mama aliugua miezi kumi na sita.

Anayepita Magole kwa basi la Dodoma huenda asikumbuke zaidi ya njia panda ya kwenda Turiani. Wengine wanapakumbuka kwa mafuriko ya Januari 2014, maji yalipoikata barabara kuu penye daraja la mto Mkundi. Siku ile mama alitoka nyumbani na vitu viwili: redio ya mzee, na mfuko wa nailoni wenye kadi zetu za kliniki, zote sita. Mimi wakati huo nina miaka zaidi ya thelathini, nina mke. Nilimcheka. Akanijibu, "Na ukiulizwa surua ulichanjwa lini, utasema nini?"

Ugonjwa ulimkuta juu ya dungu. Mpunga ukishaanza kujaza masuke, mkulima wa huku hana tena ruhusa ya kwenda popote, anaamia ndege. Kwelea kwelea wanashuka kundi zima kabla jua halijatoka, na ukichelewa nusu saa unakuta mapepe. Mama alikuwa akipanda dunguni gizani, kombeo mkononi, madonge ya udongo yamepangwa pembeni kama maandazi, na hashuki mpaka magharibi. Mei 2019 akaanza kuona damu. Alikuwa amekoma hedhi miaka sita nyuma. Alichofanya ni kuchana kanga kuukuu vipande vipande, akawa anavikunja na kuvikalia, na usiku anavifua kisimani watu wakishalala. Aliyejua ni mama mdogo peke yake, na alikanywa asiseme. "Nikiondoka leo," mama alimwambia, "ndege watamaliza."

Mpunga ule ndio uliomlipia mdogo wetu wa mwisho ada ya chuo. Sote tulijua ada imelipwa. Hakuna aliyeuliza imelipwaje.

Alipoenda kutibiwa, baada ya mavuno, zahanati moja ilimwambia ni U.T.I. Akapewa vidonge. Akarudi, akapewa vingine. Mara tatu amekwenda, na mara zote tatu alihudumiwa akiwa ameketi kwenye kiti. Kipimo cha awali cha saratani ya mlango wa kizazi hakihitaji mashine kubwa. Mwanamke analala kitandani, muuguzi anapaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwa pamba, anasubiri dakika moja, anamulika kwa taa. Panapogeuka peupe panatiliwa shaka. Kirusi kinachosababisha saratani hii, HPV, kwa kawaida huchukua miaka kumi, hata ishirini, kabla hakijazaa ugonjwa. Miaka hiyo ishirini mama alikuwa anaingia na kutoka kliniki, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, baadaye na wajukuu. Hakuwahi kwenda kwa ajili yake mwenyewe.

Wala ugonjwa huu si wa Magole tu. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, ugonjwa huu huu ulimuua Henrietta Lacks, mama wa watoto watano aliyekulia kwenye mashamba ya tumbaku ya Virginia. Dunia inamjua kwa chembe za uvimbe wake, zilizochukuliwa bila ruhusa yake na ambazo mpaka leo zinakuzwa maabara. Mimi nimeshikwa na jambo dogo zaidi: muda mrefu kabla ya kwenda hospitali, aliwaambia binamu zake kwamba ana fundo ndani yake. Nao walikuwa wamebeba siri, kama mama mdogo.

Kwa watu wa mikoani, Ocean Road si jina la barabara. Ukisikia fulani kapelekwa Ocean Road, huulizi anaumwa nini. Jengo la zamani ni la Wajerumani, la mwaka 1897, linatazama bahari. Wakazi wengi wa Dar es Salaam walizaliwa hapo lilipokuwa hospitali ya wazazi, kabla ya kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996. Mama naye hatimaye alifikishwa hapo, akapangiwa mionzi wiki tano, siku tano kila wiki. Mzee alikataa tusimsindikize sisi. Wakafikia kwa ndugu, Mbagala, na kila alfajiri wakawa wanagombania daladala na wanafunzi.

Mzee hakuwahi kufua nguo tangu aoe. Huko Mbagala alikuwa akiamka saa kumi usiku, anachuchumaa uani na karai, anafua vipande vya kanga vya mkewe kwa sabuni ya mche, kisha anavianika chumbani wapangaji wasivione. Siku moja mpangaji mmoja alimkuta, akamwambia, "Babu, lete nikusaidie." Mzee akalisogeza karai upande wake. "Hizi ni zangu, mwanangu."

Chanjo ya kirusi kile cha HPV ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Kijijini ukazuka uvumi kwamba wanafungwa kizazi, na baadhi ya wazazi wakawaficha mabinti. Mama alimshika mjukuu wake mkono mpaka shuleni, akasimama dirishani mpaka akaiona sindano. Kadi ya binti yule ndiyo ya mwisho katika ule mfuko wa nailoni.

Juzi nilimsomea mzee wasifu huu mpya. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Ndege umewaandika?"

"Nimewaandika, baba."

"Andika na hili. Mwaka ule mama watoto alitoa magunia kumi na nane."