Panya alipona, mbona sisi bado?



Wiki jana mdogo wangu, mwenye kuchimba dhahabu hapa Kamituga, aliniuliza: "Yaya, nimesoma ku simu kama chanjo ya Sida imefaulu kwa panya. Mbona sisi hatuipati?" Mimi ni mtu wa agronomia, si munganga. Lakini swali lake ni la kipimo, na kipimo tunakijua.

Tesiti ya Sida inatafuta kingamwili. Zikionekana, maana yake kirusi kiliingia. Si kusema umekingwa. Tena kirusi kikisha kujificha ndani ya chembe, kingamwili hazikifikii. Kazi inabakia kwa chembe nyeupe zinazoitwa CD8, zenye kuua chembe iliyoingiliwa. Shida ni kwamba kila CD8 inajua adui wake tu. Zinazojua kirusi hiki ni chache sana kati ya milioni. Tunazihesabu namna gani?

Kuko njia inayoitwa ELISpot. Panya akisha kuchanjwa, wanatoa chembe za bandama yake. Kwa mtu wanachukua damu. Wanaziweka katika sahani yenye vishimo 96, pamoja na vipande vya protini ya kirusi. Chembe inayovitambua inatoa interferoni gama, ile inanaswa hapo hapo chini, na rangi ikitiwa inaacha doa. Doa moja, chembe moja. Pembeni kuko vishimo bila vipande: ndiyo parsele yetu isiyotiwa mbolea. Madoa yake yanaondolewa ku hesabu.

Sasa mfano wa karibu. Watafiti wa Oxford na Nairobi walitengeneza chanjo HIVA, wakifuata aina A ya kirusi, iliyoenea Kenya. Walitiwa moyo na wanamama wa Majengo, Nairobi, waliofanya biashara ya mapenzi miaka mingi bila kuambukizwa: baadhi yao walikutwa na CD8 zinazojua kirusi. Ku mwisho wa HIVA waliunga vipande vidogo viwili, kimoja kinachotambuliwa na panya, kingine na makaki, nyani wa Asia, ili waweze kuhesabu kwa wanyama kwanza. Kwa wanyama hesabu ilipanda. Mwaka 2001 wakaanza Nairobi na watu wa kujitolea. Kwa watu, madoa yakawa machache, chanjo ikaachwa.

Mwaka 2007 ikawa kinyume: chanjo ya Merck ilileta madoa kwa wengi, na ilikuwa imesaidia makaki, lakini haikuzuia maambukizi.

Juu ya nini? Panya wa kawaida haambukizwi VVU. Makaki anapewa SIV, ndugu ya VVU, ao mchanganyiko wa vyote viwili. Ni kama mbegu yangu ya memware: ku stasyoni ilizaa vizuri, ku mulima wa mulimaji ikanihaibisha.

Tangu mpox ilipozuka hapa kwetu 2023, habari za chanjo zinatembea mbio. Ukipata moja, uliza: walipima kwa nani? Walihesabu nini? Na waliochanjwa, waliambukizwa kidogo kuliko wasiochanjwa? Bila jibu la tatu, madoa ni tumaini tu.

Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi yaya, kondomu na tesiti ziendelee." Nikamuambia, umeelewa kuliko wengi wenye diplome.